Hilo sio guni, jamani

Jana tena. Nimeweka kashairi kangu kwenye grupu, hata chai haijapoa jamaa kashaandika "guni hilo kaka, rudi ukajifunze mizani", yaani hesabu ya silabi. Mara ya ngapi hii?

Guni ni shairi lililotaka kufuata sheria likashindwa. Ukiniletea "Mwanza ina mawe mengi, ziwa limezunguka" nakuhesabia, ukwapi, kile kipande cha kwanza, silabi nane, utao, kipande cha pili, saba, umejikwaa, hilo ndo guni. Weka "limeizunguka" yameisha. Shairi huru kama kangu, lisilofuata sheria hizo, halikuingia kwenye hizo mbio kabisa, sasa mtu anatembea zake Kirumba unamfokea kwamba kashika mkia?

Na msiniambie ni uvivu wa vijana. Sheria za kutunga mashairi alizoandika Amri Abedi 1954 nimezisoma, tarbia, zile beti za mistari minne, naandika, tena vina, silabi za mwisho zinazofanana, kwa Kiswahili ni bei rahisi kama ya dagaa kipindi cha giza, maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu na irabu zenyewe tano tu, kaa dakika moja uone -ka ngapi utaokota: kacheka, kachoka, kaondoka. Mshairi Kezilahabi wa hapo Ukerewe, unapanda meli Mwanza unashuka Nansio, alitoa Kichomi, kitabu chake cha mashairi huru, 1974 na ugomvi ukaanza, mpaka leo nyie bado mnauendeleza kwenye simu.

Haya, kashairi kenyewe:

Mwezi ukipungua watarudi ziwani na taa zao.
Wewe
sijui unangoja giza lipi.

Anayejua dagaa anajua mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, mitumbwi inalala mwaloni. Kwa hiyo wavuvi wana tarehe ya kurudi. Huyu "wewe" hana. Kamkimbia mtu, kafa maji, sisemi, na ndo maana "wewe" nimemwacha peke yake kwenye mstari, ukifika pale unasimama kidogo, unamtafuta, hayupo. Ukiandika "Wewe sijui unangoja giza lipi" kwa mkupuo inakuwa meseji ya kumuuliza mtu mbona umechelewa. Maneno yaleyale! Kazi ambayo kina kingefanya, hapa inafanywa na kukata mstari, na ukikata ovyo unapata habari ya gazeti iliyokatwakatwa, zipo nyingi sana, na zangu zimo.

Na hapa ndo penye shida yangu mwenyewe. Nakata pale pumzi inapoishia, ila pumzi ya asubuhi sio ya usiku, kuna shairi nimelikata upya mara sita na sijui ya ngapi ilikuwa sawa. Halafu kuna mzee mmoja pale mwaloni, anaanika nyavu huku anaghani tarbia aliyoishika tangu utoto, beti kumi na kitu, hakosei hata mizani. Akaniambia haya kijana, nighanie na lako. Nikaanza kutafuta simu mfukoni.