“Yupo Yupo Tu na Mambo ya Intaneti”: Dhana Ninazokutana Nazo Tangu Niache Kiti cha Redio

Siku ya pili ya Krismasi, Kibosho. Moshi wa nyama ya mbuzi umetanda migombani, na baba mdogo anamtembeza mgeni kutoka Dar, akimtambulisha kwa watoto wa ukoo mmoja mmoja. Huyu ni daktari, huyu yuko TRA, huyu ana duka Mbuyuni. Alipofika kwangu akasita kidogo. “Huyu alikuwa bosi wa redio pale mjini. Siku hizi… yupo yupo tu na mambo ya intaneti.”

Mbele ya mgeni baba mdogo hajibiwi. Nikacheka, nikaomba chumvi.

Lakini maneno yale yamebeba karibu kila ninachosikia kuhusu kazi hii, kuanzia Majengo hadi Njiro: kwamba nilifukuzwa, kwamba nimejifanya fundi kompyuta, kwamba nalipwa na Wazungu, kwamba nimeingia siasa. Niliongoza redio kwa miaka 11, Moshi kwanza, Arusha baadaye. Sasa kazi yangu ni sera ya intaneti: nasoma rasimu za kanuni, naandika maoni, nakaa kwenye vikao ambavyo mara nyingi chai ndiyo kitu pekee kinachofika kwa wakati. Nitazijibu dhana hizo hapa, si kwa mpangilio, bali kwa kadiri zinavyoniudhi.

Inayoongoza ni ile ya kwamba nimeacha habari nikaenda kwenye kitu kingine kabisa. Watu wanadhani meneja wa redio anashinda studio akipiga soga na wasanii. Mimi nilishinda na mafaili. Leseni ya utangazaji, leseni ya masafa, ada ya mwaka, malipo ya COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, kwa ajili ya muziki, kodi ya nafasi kwenye mnara, dizeli ya jenereta. Mtangazaji akikosea hewani saa tatu asubuhi, saa nne simu inayolia ni yangu. Ukiikaa kazi hiyo muda mrefu unajifunza jambo moja: anayeamua nini kisikike si lazima awe na maikrofoni. Mara nyingi ana kalamu na jedwali la ada.

Ndiyo maana Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilipotoka mwaka 2018 mimi nilianza kusoma kurasa za mwisho. Wenzangu ofisini walibishana kuhusu vifungu vya maadili. Mimi nilitafuta jedwali. Mwenye blogu alitakiwa kulipa ada ya maombi shilingi 100,000 na ada ya leseni shilingi 1,000,000. Mwenye intaneti kafe alitakiwa kufunga kamera za ulinzi. Siku chache baadaye akaja kijana mmoja aliyekuwa akiandika habari za Moshi kwenye blogu yake, kutoka chumba cha nyuma ya duka la mama yake karibu na stendi. Habari zake tulizisoma hewani zaidi ya mara moja, na si kila mara tulimtaja, naungama. Aliweka nakala ya kanuni mezani, ukurasa wa ada umekunjwa kona. “Mama, hii milioni ni kwa sisi pia au ni kwa ninyi wakubwa?” Nikamwambia ni kwa wote. Akaikunja tena ile karatasi, akaiweka mfukoni, akaaga. Blogu haikuonekana tena.

Kanuni zile zimebadilishwa tangu hapo, mwaka 2020 na tena 2022, na wapo waliokaa vikaoni wakisukuma. Mimi nilianzia pale, kwenye ile kona iliyokunjwa. Sikufukuzwa. Niliandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wangu, na mwenye kituo alinifanyia sherehe ya kuniaga yenye keki kavu mno.

Dhana ya pili ni kwamba huwezi kugusa sera ya intaneti kama hukusoma uhandisi. Mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998 kuratibu majina ya tovuti na namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti duniani, alikuwa Esther Dyson, mtu aliyejijengea jina kwa kuhariri na kuchapisha jarida la uchambuzi wa teknolojia. Rebecca MacKinnon aliongoza ofisi za CNN Beijing na Tokyo kabla ya kuanzisha Global Voices, mtandao wa kimataifa wa waandishi raia, pamoja na Ethan Zuckerman mwaka 2004. Baadaye akajenga mradi wa kuzipima kampuni kubwa za mtandao kwa namna zinavyoheshimu haki za watumiaji. Hapa jirani, Grace Githaiga wa KICTANet, jukwaa la wadau wa sera ya TEHAMA nchini Kenya, alitokea kwenye harakati za redio za jamii. Watu wa habari wana kipaji kimoja ambacho wahandisi wengi hawana: kumuuliza mtu swali la kijinga mpaka alijibu.

Na ufundi unaohitajika, kwa kiasi kikubwa, unafundishika. Mfano wangu ninaoupenda ni wa ndizi. Tuseme mama wa Kibosho anamuuzia ndizi mama wa Mbuyuni, lakini kila mkungu sharti upande lori hadi Kariakoo, ugongwe muhuri, ndipo urudi Moshi. Utasema hiyo ni biashara ya wendawazimu. Ndivyo data inavyosafiri pale kampuni mbili za intaneti za mji mmoja zinapokosa mahali pa kukutana: ujumbe wa kutoka Sakina kwenda Njiro unashuka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600, na pengine unavuka bahari, ndipo urudi. Kituo cha kubadilishana trafiki ndilo soko la kukutania. Arusha inacho chake, AIXP, chini ya TISPA, chama cha watoa huduma za intaneti. Wengi nikiwaambia wanashangaa. Ila soko kuwepo hakumaanishi kila mwenye ndizi ameshusha mzigo pale. Kampuni lazima ivute waya wake na ikubali kubadilishana, na hapo ufundi unakwisha, siasa ya biashara inaanza.

Sisi wenyewe tulikuwa wendawazimu wa aina hiyo. Studio iko katikati ya mji, msikilizaji yuko Rau na simu yake, na sauti inatoka kwenye seva tuliyoikodi Ulaya. Wasikilizaji walilalamika kwamba jirani mwenye redio ya FM anashangilia goli wakati wao bado wanasikia kona inapigwa, nasi tukawaambia ni umbali. Tuliwadanganya bila kujua. Sehemu kubwa ya kuchelewa kule ni simu yenyewe kujiwekea akiba ya sauti kabla ya kucheza. Kinachoumiza kwenye umbali ni bei, kwa sababu kila kinachovuka bahari kina mtu anayekilipia.

Wapo wanaosema intaneti ina mwenyewe, basi sera ni kujisumbua. Wa kijiweni wanasema ni Marekani. Serikali ya Marekani kweli ilikuwa na mkataba wa usimamizi juu ya kazi za msingi za majina na namba, lakini ulikwisha kwa kuamkia Oktoba 1, 2016. Namba za intaneti za Afrika zinagawiwa na shirika la AFRINIC, yenye makao Mauritius, na migogoro yake ya miaka ya karibuni imetuonyesha kwamba kuwa na chetu ni jambo moja, kukitunza ni jingine. Mikutano ya ICANN yenyewe haina kiingilio. Mwaka 2024 ilifika Kigali.

Kuhusu posho nitasema kwa kifupi, maana ndiyo ninayoulizwa zaidi na ndiyo yenye nyama kidogo. Ndiyo, ukichaguliwa kwenye ufadhili wa kuhudhuria mikutano hiyo unalipiwa tiketi, hoteli na fedha ya kujikimu. Hapana, hainunui kiwanja Usa River. Nilipokuwa meneja nilipata zaidi, na gari la ofisi juu yake. Nilichobaki nacho kwa wingi ni mikoba ya kitambaa. Shangazi zangu wote wanaendea nayo sokoni.

Halafu ipo ile ya “mambo hayo ni ya Dar, Dodoma na Geneva, sisi huku tunapeleka watalii mlimani”. Hii inanishangaza kwa sababu wasemaji huwa wamekaa Arusha. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Habari. Mapema 2017 Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mtandao wa watetezi wa haki za binadamu wakaipeleka Mahakama ya Afrika Mashariki. Machi 28, 2019, mahakama hiyo, iliyo hapa hapa Arusha kwenye makao ya Jumuiya, iliamua kwamba vifungu kadhaa, vikiwemo vya uchochezi, kashfa kama jinai na habari za uongo, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Sheria ilikuja kurekebishwa mwaka 2023. Kumbuka pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ya hapa Arusha, ambayo Desemba 2014 iliamua katika kesi ya mhariri Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso kwamba kumfunga mtu jela kwa kosa la kashfa kunavunja uhuru wake wa kujieleza. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda mahakama hiyo moja kwa moja. Mwenye hoteli anayewalaza majaji hao wiki nzima ndiye huyo anayeniambia sera iko Geneva.

Hukumu ile ya 2019 ilihusu sheria ya habari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu chake cha taarifa za uongo, cha 16, na hicho ndicho kinachomgusa mtu asiye mwandishi, mwenye simu na kundi la familia.

Wanaosema sisi ni wapinzani au tunatetea matusi, nawaambia nimewahi kumzimia mtu maikrofoni hewani, tena mara mbili. Sina shida na mipaka. Nina shida na swichi moja inayozima wote. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Azimio la kanuni za uhuru wa kujieleza la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, la mwaka 2019, linazitaka nchi zisikate intaneti. Kuliunga mkono hakuhitaji kadi ya chama chochote.

Jioni ile Kibosho, mgeni alipoondoka, baba mdogo alinivuta pembeni chini ya mparachichi. Kifurushi chake kimeyeyuka tangu asubuhi na hajafungua kitu. Nikamweleza kwamba kanuni ndogo za mwaka 2021 zinaitaka kampuni imjulishe anapotumia asilimia 75 ya kifurushi na tena kinapokwisha, kwamba angeweza hata kumhamishia mtu mwingine kilichobaki, na kwamba lipo baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano la kupokea malalamiko, mbali na ofisi ya kanda ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliyoko Arusha.

Akafungua ujumbe wake, akateremka nao kwa kidole gumba, polepole, miwani puani. Ujumbe wa bahati nasibu. Ujumbe wa mkopo. Ujumbe wa bahati nasibu. Wa asilimia 75 haukuwepo.

“Kalete karatasi,” akasema. “Na kalamu inayoandika.”