Ndege za kwanza za jeshi letu hazikuwa MiG

Barazani Ngamiani, hapa Tanga, kikitajwa kikosi cha anga cha JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, utasikia hoja ileile: Wachina ndio walioanzisha, na ndege za kwanza zilikuwa MiG, zile za kivita. Si kweli.

JWTZ iliundwa Septemba 1964. Ujerumani Magharibi ndiyo iliyoanza kutusaidia kuunda kikosi cha anga, ikajitoa mapema 1965 kwa ugomvi wa Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi Zanzibar. Mwalimu Nyerere hakukubali kupangiwa marafiki, na mimi naona alifanya sawa kabisa. Ndipo Kanada ikashika kazi hiyo, hadi 1970.

Ndege za Kanada zilikuwa za usafirishaji: Otter yenye injini moja, na Caribou yenye injini mbili za pangaboi. Caribou itazame vizuri: mkia umeinuka juu, chini yake mlango unashuka kama daraja, askari au gari dogo vinaingia kwa nyuma. Inatua kwenye kiwanja kifupi cha udongo. Kwa nchi kubwa yenye lami chache, hiyo ilifaa kuliko ndege ya kivita.

Wachina walikuja baada ya hapo, na ndege zao za kivita. MiG-21 za Kisovieti nazo zilipigana Vita vya Kagera.