Kocha wa soka la wanawake chuoni naye hufukuzwa

Imani hii ni ya siku nyingi: ukipata kazi ya kufundisha soka la wanawake katika chuo kikuu cha Marekani, umepata ajira hadi uzeeni. Mchezo hauingizi fedha kama futiboli ya Kimarekani, kwa hiyo nani atakusumbua? Tena ipo sheria ya Title IX ya 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, michezo ya vyuo ikiwemo.

Mfano unaotajwa daima ni Anson Dorrance, aliyeinoa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha North Carolina tangu 1979 hadi 2024. Sawa, lakini huyo alitwaa mataji 21 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani. Ukimfanya yeye kipimo cha wote, utapotea.

Title IX hulinda nafasi ya mabinti kucheza, si kiti cha kocha. Kocha ana mkataba, na mkurugenzi wa michezo anaweza kuuvunja au kuuacha tu uishe. Timu zaidi ya 300 za Daraja la Kwanza hugombea nafasi 64 za mashindano ya taifa, kwa hiyo nyingi hubaki nje. Msimu ukiisha, ndipo barua za kuachishwa kazi hutoka. Na si matokeo pekee: wachezaji wakihama kwa wingi, au wakilalamikia wanavyotendewa, mkurugenzi atataka maelezo.