“Niko njiani” si jibu

Nikisema mimi ni mratibu wa usafirishaji wa mizigo, wengi hudhani nina malori. Sina lori, sina meli, sina ghala, na mzigo wenyewe si wangu. Nina simu mbili, jedwali refu kwenye kompyuta, na namba za watu wenye malori, meli na maghala. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mtu mmoja anapouachia mzigo, mwenzake keshakaa tayari kuupokea, na karatasi zimetangulia.

Nilipoanza nilidhani adui yangu ni umbali: bahari, mvua, barabara mbovu. Vyote hivyo vipo, lakini meli ikishang’oa nanga sina la kufanya ila kusubiri. Kinachoninyima usingizi ni mzigo uliosimama. Uko getini, uko uwanjani, au karatasi yake iko mezani kwa mtu aliyetoka kula. Shehena nyingi zilizochelewa mikononi mwangu, nikizirudia nyuma hatua kwa hatua, nakuta zilikaa mahali zikimsubiri mtu aliyedhani zamu ni ya mwingine.

Kuna moja inaniuma mpaka leo. Kontena la futi 40, vipuri vya mashine, hakuna cha ajabu. Orodha ya upakiaji ilisema kilo 18,240. Hati ya shehena, ile karatasi ambayo kampuni ya meli hukiri kuwa imepokea mzigo, ikatoka na kilo 18,420. Tarakimu mbili zimebadilishana viti, basi. Aliyeandika alikuwa ananakili kutoka picha ya simu. Mimi nililetewa rasimu niithibitishe, nikaangalia jina la mpokeaji, bandari, idadi ya vifurushi, nikajibu, “Sawa, endeleeni.” Uzito niliupitishia jicho tu. Meli ilipofika, forodha wakakuta hati mbili za mzigo mmoja zinasema mambo mawili. Kwa mtu wa forodha hilo si kosa la kuchapa mpaka uthibitishe kuwa ni kosa la kuchapa. Tukaiomba kampuni ya meli irekebishe hati. Ikataka kwanza barua ya aliyesafirisha. Manifesti, yaani orodha ya mizigo yote ya meli, ilikuwa imeshawasilishwa, nayo ikataka marekebisho yake na ada yake. Siku tisa. Muda wote huo mzigo ulikuwa hatua chache kutoka getini, hauna hata mkwaruzo.

Na saa ilikuwa inahesabu. Kampuni ya meli hukupa siku kadhaa za bure. Zikiisha na kontena bado limo bandarini na mzigo wake, unalipa dimareji kila siku. Ukishalitoa ukachelewa kulirudisha tupu, kuna tozo nyingine ya kukaa na kontena la wenyewe. Bandari nayo ina gharama zake za uhifadhi. Wateja huziita zote kwa jina moja, dimareji, halafu hushangaa wamelipa na bado wanadaiwa. Siku hizi kila kontena kwenye jedwali langu lina tarehe tatu za mwisho, moja kwa kila tozo, na zile zilizobakiza siku mbili nazipaka rangi nyekundu. Rasimu ya hati nayo tunaisoma wawili: mmoja anatamka tarakimu moja moja kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole kwenye karatasi ya pili. Ofisini wanatucheka, eti tumerudi darasa la kwanza. Wacha wacheke.

Laiti uzito ungekuwa kama namba ya kontena. Namba ile ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki: inatokana na hesabu inayofanywa kwa zile herufi na tarakimu sita za mbele. CSQU305438, kwa mfano, lazima imalizikie na 3. Ukikosea tarakimu moja katikati, karibu kila mara hesabu inagoma na mfumo unakurudisha. Namba ya lakiri, kile kifungo cha mlango wa kontena, haina kinga hiyo hata kidogo, ndiyo maana siiamini mpaka nione picha.

Tukifika kwenye picha tumefika kwa madereva. Mazungumzo haya nimeyafanya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu:

“Umefika wapi?”

“Niko njiani, bosi.”

Njiani ni kila mahali. Lori linaweza kuwa barabarani, linaweza kuwa bado limeegeshwa nyumbani kwake. Simlaumu dereva, maana mimi ndiye niliyemuuliza swali linalojibika hivyo. Sasa nauliza tofauti: “Kaka, pole na kazi. Getini umetoka saa ngapi? Nitumie picha ya lakiri ikiwa imeshafungwa mlangoni.” Aliyetoka kweli atanitajia saa na picha itafuata. Ambaye hajatoka atanyamaza kidogo, kisha aseme, “Bosi, nisikufiche, hapa bado wanapakia.” Hilo ndilo ninalolitaka. Nikilijua saa tatu asubuhi naweza kumpigia mpokeaji asogeze wapakuaji wake mpaka mchana. Nikilijua saa nane, wapakuaji wameshakaa bure, wamechukia, na kesho yake hawatapokea simu yangu.

Hesabu za nafasi ni balaa jingine. Mtu anachukua ujazo wa bidhaa, anagawa kwa ujazo wa kontena, anafurahi kwamba zitaingia. Kontena la futi 20 lina kama mita za ujazo 33 ndani, ni kweli, lakini bidhaa hazimwagwi humo kama maji. Upana wa ndani ni karibu mita 2.35. Chukua paleti, lile jukwaa la kupangia bidhaa, ya mita 1.2 kwa 1. Ukizilaza mbili ubavu kwa ubavu kwa upande mrefu unahitaji mita 2.4, na sentimita tano hazipo. Itabidi moja uigeuze, na mwishowe zitaingia paleti kumi chini. Nimeshuhudia wapakiaji wakijaribu kuisukuma ya kumi na moja kwa mabega. Haikuingia, na ikabaki ghalani bila hati wala nafasi melini.

Uzito una sheria yake: tangu 1 Julai 2016, chini ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kontena lililopakiwa halipandishwi melini bila uzito uliothibitishwa. Unaweza kulipima lote kwa mzani, au kupima kila kilichomo pamoja na mbao na kamba za kufungia, kisha ukajumlisha uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Wengi husahau mbao na kamba.

Kuna makabidhiano mengine hayaonekani kwa macho, nayo ni ya hasara. Masharti ya Incoterms ya 2020, yale ya kimataifa yanayogawa gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, yako kumi na moja, lakini wateja wangu wanagombana zaidi kuhusu moja, CIF. Muuzaji analipa nauli ya meli na bima mpaka bandari ya mnunuzi, kwa hiyo mnunuzi anaona kuwa mzigo ukiharibika baharini ni shauri la muuzaji. Sivyo. Hatari ilimhamia yeye tangu bidhaa zilipopandishwa melini kule zilikotoka. Muuzaji amelipia safari na bima tu; wa kuhangaika na kampuni ya bima ni mnunuzi. Hili naliandika kwenye barua pepe ya kwanza kabisa, kabla hatujabuku nafasi, maana kulieleza baada ya mzigo kulowa ni kutafuta ugomvi.

Mtu mpya akija kwenye timu, wiki ya kwanza simpi kompyuta. Namkabidhi kwa mtunza ghala, akae mlangoni na daftari aandike saa: lori limeingia saa ngapi, limeanza kupakiwa saa ngapi, limemaliza, limetoka. Wa mwisho niliyempeleka alirudi jioni nguo zote vumbi. “Dada,” akaniambia, “lile lori lilijaa tangu saa nne. Limetoka saa saba.” Nikamuuliza lilikuwa linasubiri nini. Akafungua daftari, akanisomea: mwenye mhuri alikuwa kikaoni.

Nikamuuliza kama alichukua namba ya simu ya mwenye mhuri. Alikuwa nayo.