Viti na masafa ya ndege katika michezo ya kompyuta: namba mbili za kweli, ndege moja isiyokuwepo

Vijana wa Kampala na Entebbe wanaocheza michezo ya kuendesha mashirika ya ndege huniuliza mara kwa mara kama takwimu wanazoziona humo ni za kweli, kwa kuwa wanajua kwamba kazi yangu ni kukokotoa uzito na mafuta kabla ya ndege kuondoka. Huwajibu kwamba namba nyingi, zikitazamwa mojamoja, ni za kweli kabisa. Kasoro iko katika kuzipanga kwenye mstari mmoja, kwa sababu idadi ya viti huchukuliwa kutoka hati moja na masafa kutoka hati nyingine, kisha mchezaji huuziwa ndege ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuiunda.

Tuitazame Airbus A330-800, ambayo Uganda Airlines inazo mbili. Katika majedwali mengi ya michezo utakuta imeandikiwa abiria 406 na masafa ya kilomita 15,094. Namba ya kwanza ni kikomo cha kisheria cha watu wanaoruhusiwa kukaa ndani yake. Ya pili ni umbali ambao mtengenezaji anautangaza kwa ndege yenye abiria wapatao 250, waliopangwa katika madaraja ya kawaida ya safari ndefu. Ndege za Uganda Airlines zina viti 258: 20 vya daraja la biashara, 28 vya daraja la kati, na 210 vya daraja la kawaida. Kuwait Airways imeweka viti 235 katika zake, na Air Greenland, ambayo hupeleka watalii na wenyeji kati ya Greenland na Denmark, imeweka 305. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekaribia 406.

Kikomo hicho hakitokani na nafasi ya miguu wala na nguvu za injini, bali na milango. Sheria za usalama zinataka ndege iliyojaa iweze kuachwa tupu ndani ya sekunde 90, gizani, huku nusu ya milango ya dharura ikiwa haitumiki. Airbus A380 ilipojaribiwa huko Hamburg mwaka 2006, watu 873 walitoka kwa sekunde 78, na ndiyo maana ikaidhinishwa kubeba abiria 853 pamoja na wahudumu na marubani 20. Namba hiyo inaeleza kasi ya watu kutoka, na haisemi lolote kuhusu umbali ambao ndege itafika ikiwabeba wote.

Umbali ni suala la mizani. A330-800 ina uzito wa juu wa kuruka wa tani 251, na ikiwa tayari kwa safari lakini bila abiria wala mafuta ina uzito wa takriban tani 132. Zinabaki tani 119 za kugawana kati ya mafuta na vyote vinavyolipiwa nauli. Abiria mmoja pamoja na mizigo yake tumkadirie kilo 100. Abiria 258 watachukua karibu tani 26 na kuacha 93 za mafuta, ilhali abiria 406 watachukua karibu tani 41 na kuacha 78. Tofauti ya tani 15 za mafuta kwa ndege ya ukubwa huo ni zaidi ya saa mbili za angani, yaani si chini ya kilomita 2,000, na bado sijahesabu uzito wa viti vyenyewe, vyoo vya ziada na chakula cha watu 148 walioongezeka. Mchezo unaompa mtu viti 406 na kilomita 15,094 kwa pamoja umemzawadia tani 15 za mafuta zisizo na uzito.

Watengenezaji nao wamechangia mkanganyiko huu. Boeing 777-300ER ilitangazwa kwa miaka mingi kuwa na masafa ya maili za baharini 7,930 ikiwa na abiria 365 katika madaraja matatu. Baadaye Boeing ilibadilisha vigezo vyake, ikahesabu viti vizito zaidi vya siku hizi na mpangilio wa madaraja mawili wenye abiria 396, na masafa yakashuka hadi maili 7,370. Ndege haikubadilika, kilichobadilika ni dhana iliyo nyuma ya namba. Mchezo unaochanganya takwimu za kabla na za baada ya mabadiliko hayo utaionyesha ndege ya zamani kuwa bora kuliko mpya, na wachezaji watabishana usiku kucha juu ya jambo ambalo halipo.

Kosa la vipimo ni la kitoto lakini limeenea. Maili ya baharini ni mita 1,852, na maili ya barabarani ni mita 1,609. Mtu akiichukua namba 8,150, ambayo ndiyo masafa ya A330-800 kwa maili za baharini, na kuigeuza kama maili za barabarani, ndege inapoteza kilomita karibu 2,000 bila mtu yeyote kujua zilikokwenda.

Hapa Uganda mfano ulio wazi zaidi ni Cessna 208B Grand Caravan, ile ya injini moja inayopeleka watalii Kihihi na Kidepo kutoka Entebbe na Kajjansi. Michezo huiandikia abiria 12 au zaidi na masafa ya zaidi ya kilomita 1,600. Mafuta, rubani, abiria na mizigo, vyote kwa pamoja, havipaswi kuzidi takriban tani moja na nusu. Matangi yakijaa, mafuta peke yake ni tani moja. Nusu tani iliyobaki ni ya rubani mmoja na abiria wanne au watano, tena wasiobeba makuu. Ndiyo sababu mtalii huambiwa mapema kwamba begi lake lisizidi kilo 15, na kwamba liwe laini, akanuna, asijue kwamba kilo zake zinashindana na mafuta ya kurudi.

Kwa CRJ900, ndege ndogo ya jeti ya safari za kikanda, shida ni matoleo. Uganda Airlines imeweka viti 76, vikiwemo 12 vya daraja la biashara, ingawa ndege inaweza kuidhinishwa kwa 90. Toleo la masafa marefu na lile la kawaida yanafanana kwa macho, lakini uzito wao wa juu wa kuruka haulingani. Kutoka Entebbe hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,950, na mchezo uliojaza takwimu za toleo lenye masafa mafupi kuliko hayo utaikataa njia hiyo, huku wenye takwimu za toleo jingine ukiikubali bila shida.

Tena, masafa hayo yote huhesabiwa kwa hewa ya kawaida na njia iliyonyooka. Uwanja wa Entebbe uko zaidi ya mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko pwani, na joto la mchana huipunguza zaidi, hivyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi au mzigo mdogo zaidi ili kupaa. Njia yetu ya kurukia ya mita 3,658 huficha udhaifu huo kwa ndege nyingi. Viwanja vifupi haviufichi. Nayo njia iliyonyooka kwenda London ni karibu kilomita 6,460, lakini vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023 na anga ya nchi hiyo kufungwa, safari za Afrika Mashariki na Ulaya zililazimika kuizunguka.

Watunzaji wa majedwali ninaowasaidia huwa nawaomba waache kuandika masafa kama namba moja. Kila ndege ipewe nukta tatu: umbali inaofika ikiwa na mzigo wake wa juu kabisa, umbali inaofika ikiwa na matangi yaliyojaa na mzigo unaobakia, na umbali inaofika ikiwa tupu na matangi yamejaa. Mistari miwili kati ya nukta hizo inatosha kwa mchezo wa simu, na hesabu yake ni nyepesi mno hata kwa simu ya bei ya chini. Mchezaji akiongeza viti, duara la masafa kwenye ramani linywee papo hapo. Akiondoa viti ili aweke daraja la biashara, litanuke. Na pembeni mwa kila idadi ya viti iandikwe kama ni kikomo cha milango, mpangilio wa mtengenezaji, au mpangilio wa shirika fulani.