Shamroki, hothoni na hadithi zilizoongezwa chumvi: mimea ya pori ya Ireland

Dhana: Mtakatifu Patrick, mmisionari wa Kikristo, aliwafundisha Waairishi Utatu Mtakatifu kwa jani la shamroki, mmea mdogo wenye majani matatu-matatu.

Ukweli: Patrick aliishi karne ya 5. Maandishi yake mawili tunayo hadi leo, na shamroki haimo. Kisa hicho kinaonekana vitabuni kwanza miaka ya 1720, kwa Caleb Threlkeld, mtaalamu wa mimea. Na nembo ya taifa la Ireland ni kinubi, si shamroki.

Dhana: Shamroki ni mmea mmoja maalumu.

Ukweli: Miaka ya 1890 mtaalamu wa mimea Nathaniel Colgan aliwaomba watu wa kaunti mbalimbali wamtumie shamroki yao "halisi", akaipanda mpaka ikachanua. Zikatoka aina kadhaa, hasa klova (mmea mdogo wa malisho) ya maua madogo ya manjano na klova nyeupe. Mtaalamu mwingine wa mimea, Charles Nelson, alirudia zoezi hilo mwaka 1988, mchanganyiko ukawa uleule. Kila mmoja na shamroki yake, basi.

Dhana: Waairishi hawathubutu kukata mti wa hothoni.

Ukweli: Wanakata sana. Hothoni, mti mdogo wenye miiba na maua meupe, ndio uzio wa mashamba mengi, na hupunguzwa mara kwa mara. Unaoogopwa ni ule uliosimama peke yake, unaosemekana ni wa sidhe, viumbe wasioonekana. Hofu hiyo haijazikwa na mababu: mwaka 1999 msimuliaji Eddie Lenihan alipigania mti wa aina hiyo huko Latoon, kaunti ya Clare, na wajenzi wa barabara wakauacha. Mwaka 2002 mtu akaufyeka matawi kwa msumeno; ukachipua tena.

Mwiko wa kuingiza maua ya hothoni nyumbani nao una mantiki yake. Yana trimethilamini, kemikali inayotokea pia nyama inapooza, na zamani maiti ililazwa nyumbani hadi maziko. Harufu hiyo waliijua.

Dhana: Jani la doki, gugu la majani mapana, huua asidi ya thabai (mmea unaowasha ngozi) iliyokuchoma.

Ukweli: Thabai huchoma pia kwa histamini na kemikali nyingine, na utomvu wa doki si wa kuua asidi. Ubaridi na kule kusugua huenda vikasaidia kidogo.

Dhana: Waselti wa kale walikuwa na kalenda ya miti ya miezi 13.

Ukweli: Kalenda hiyo aliibuni mshairi Robert Graves, Mwingereza, katika kitabu cha mwaka 1948. Alichoegemea ni Ogham, alfabeti ya kale ya Ireland, ambayo kweli baadhi ya herufi zake zina majina ya miti: beith ni mbetula, dair ni mwaloni. Kalenda haimo. Anayetafuta mila zenyewe afungue madaftari ya wanafunzi wa shule za msingi za Ireland, walioandika simulizi za wazee wao kati ya 1937 na 1939. Yako mtandaoni, bure.