Udongo kwenye chakula cha kuku, tunadanganyana sana

Kuna hii imani imesambaa kwamba mahindi yakiota ukungu we changanya tu udongo, sumu yote inakufa. Hapana jamani, udongo hauui kitu. Bentonaiti, aina ya udongo ambayo ndo inatumika sana kwa kazi hii, ina tabaka nyembamba nyembamba zinazoinasa aflatoksini, moja ya sumu za ukungu, humo humo tumboni mwa kuku, ikatoka na kinyesi badala ya kwenda kulimaliza ini. Kwa aflatoksini iko vizuri kweli, siibishii. Shida ni kwamba sumukuvu, yaani sumu za ukungu, ziko nyingi, kuna fumonisini, kuna zearalenoni, na hizo bentonaiti haizishiki sana, zinapita zao tu, na gunia moja la mahindi linaweza kuwa na sumu mbili tatu kwa mpigo sasa we umetia udongo unajiona umemaliza kazi. Tena mahindi yanaweza kuwa safi kwa macho na sumu imo, na kuyachemsha hakusaidii maana aflatoksini inavumilia sana moto. Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, watu wakadhani ni ugonjwa mpya wakauita ugonjwa X, kumbe ni mashudu ya karanga yenye sumu hii hii.

Halafu kuna wale wa "ni cha asili bwana, hakina madhara". Mwaka 1997 Marekani walikuta dioksini, kemikali yenye sumu kali, kwenye kuku, wakafuatilia wakafika kwenye udongo uliochimbwa Mississippi, uliokuwa unawekwa kwenye soya ya chakula cha mifugo ili isigandane. Na hakuna aliyemwaga kemikali pale, dioksini ilikuwa humo ardhini siku zote. Kwa hiyo ule udongo wa kichuguu au wa shimoni unaochota mwenyewe hujui una nini, unaweza kuwa na madini ya risasi, unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Unaouzwa kwa chakula cha mifugo unatakiwa upimwe kwanza.

Eti ukizidisha ndo bora zaidi? Udongo hauna nguvu wala protini, kila kilo unayoongeza imekaa nafasi ya chakula. Umoja wa Ulaya mwisho wao ni kilo 20 za bentonaiti kwa tani ya chakula. Na kitu ambacho wauzaji hawakisemi (sijui hawajui au wanajifanya) ni kwamba udongo haunasi sumu peke yake, unaweza kunasa na dawa. Unampa kuku antibayotiki ya tailosini, bentonaiti inaishika, kuku haponi, unalalamika dawa feki! Dawa za koksi (ule ugonjwa wa kuhara wa vimelea vya utumbo) nazo ndo hivyo hivyo, usichanganye bila kumuuliza daktari wa mifugo.

Udongo sio chokaa. Kuku wa mayai bado anahitaji kalsiamu yake, kama gramu 4 kwa siku, ganda laini halitibiwi kwa bentonaiti. Kukausha kinyesi, sawa, inasaidia kidogo, ila kama kinachoharisha ni koksi au chumvi imezidi utakuwa umefunika tu tatizo.

Ukiacha udongo, kwenye mimea wanayopewa kuku kama dawa au chakula ndo kuna vituko zaidi. Alovera, kitunguu saumu na pilipili hazitibu kideri, kideri ni kirusi na hakina dawa, hata antibayotiki haikigusi, ni chanjo kabla hakijaingia bandani. Mlonge ni mzuri, majani yana protini ya kutosha, lakini ukijaza ndoo nzima kwa kudhani umeokoa hela ya soya kuku watadumaa.

Na pilipili, wengi wanasema "inamuwasha kuku mpaka minyoo inakimbia". Kuku haimuwashi kabisa, mwili wake hauhisi ule ukali kama sisi, anaila kama mahindi. Pilipili nyekundu inachofanya kweli ni kukoleza rangi ya kiini cha yai, basi.